Cheche, Pamba na Swali la Chanzo

Ndani ya silinda ya injini ya petroli, pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko wa hewa na mvuke wa mafuta hadi ubaki na kama sehemu moja ya kumi ya nafasi uliyokuwa nayo. Kabla pistoni haijafika juu kabisa, cheche huruka kati ya ncha mbili za plagi zilizoachana kwa takriban milimita moja, na moto huenea. Mtazamaji mwenye vyombo bora kuliko vyote ataona cheche, kisha ataona moto. Hataona kitu cha tatu katikati, yaani kule kusababisha kwenyewe. Je, cheche ndiyo inayowasha, au moto huja tu kila cheche inaporuka kwa kuwa ndivyo Muumba alivyopanga? Swali hilo liliandikwa zaidi ya miaka mia saba kabla ya plagi ya kwanza. Wanaoishi kwa kutegemea injini hawajaliepuka, maana kila injini inapokataa kuwaka huulizwa upya kwa sura nyingine: nini kimeizuia?

Njia ya kutoka Masasi kupanda uwanda wa juu wa Wamakonde hadi Newala na vijiji vya kata ya Chilangala ni mahali pazuri pa kulifuatilia. Injini za cheche huko ni za namna tatu. Ipo pikipiki ya bodaboda. Lipo gari dogo la abiria, mara nyingi Toyota Noah iliyokwishatumika Japani. Na ipo mashine ya mgongoni ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Hii ya mwisho husahauliwa na wanaoandika habari za injini, lakini kwa mkulima ndiyo inayoamua mwaka. Mikorosho huchanua miezi ya kipupwe, na ugonjwa wa ubwiri unga hushambulia maua na machipukizi machanga wakati huohuo. Salfa isipopulizwa kwa wakati, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, maua hunyauka kabla ya kushika korosho. Plagi moja mbovu mwezi wa Julai huonekana kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika mwezi wa Novemba.

Mashine ya salfa haina betri. Gurudumu zito linalozunguka pamoja na krenki limepachikwa sumaku, na sumaku hiyo ikipita mbele ya koili huzaa umeme ndani ya nyaya zake, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku unapobadilika, waya ulio ndani yake hupata umeme. Kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka ndivyo volti zinavyopanda. Ndiyo maana kamba ya kuwashia ikivutwa kivivu cheche haiji, hata kama kila kifaa ni kizima.

Gari hutumia kanuni ileile, ila hupata umeme wake kwenye betri. Volti 12 za betri haziwezi kuruka hata upenyo mwembamba wa plagi, kwa hiyo lazima zikuzwe. Koili ina nyaya mbili zilizozungushiwa kiini kimoja cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko mia chache, mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri hupitishwa katika waya mnene kwa milisekunde chache, kisha hukatwa ghafla. Uga wa sumaku uliokuwa umejengeka huporomoka, na katika waya mwembamba huzuka volti 20,000 hadi 40,000. Cheche basi huzaliwa pale umeme unapokatwa, jambo ambalo wanafunzi wengi wa ufundi hulishangaa mara ya kwanza. Mpango huu wa betri, koili na kikata umeme uliletwa sokoni na Charles Kettering wa Marekani, na Cadillac za mwaka 1912 zilitoka nao pamoja na stata ya umeme.

Kwa miongo mingi kazi ya kukata ilifanywa na platini, vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga, na kazi ya kugawa umeme kwa kila silinda ilikuwa ya distributa. Platini zililika na kushika masizi, zikataka kusafishwa na kupimwa upya mara kwa mara. Transista ikachukua nafasi ya platini. Katika magari mengi ya sasa distributa nayo imeondoka: kila plagi ina koili yake iliyoketi juu yake, sensa ya krenki huiarifu kompyuta ya gari pistoni ziko wapi, sensa ya kemu huiarifu ni silinda ipi iliyo zamu, na kompyuta huamuru umeme ukatwe. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 25 kwa sekunde.

Cheche hizo hutangulia kwa makusudi. Mchanganyiko huhitaji muda, hata kama ni milisekunde moja au mbili, ndipo ushike moto sawasawa, na kwa mwendo huo wa injini milisekunde moja ni nyuzi 18 za mzunguko wa krenki. Kwa hiyo kompyuta huagiza cheche mapema, ili msukumo mkubwa uikute pistoni imeanza tu kushuka. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga. Sensa maalumu husikia kugonga huko na kompyuta huichelewesha cheche.

David Hume, Mskoti aliyeandika mwaka 1739, alisema watu hukiita kitu chanzo kwa sababu kimetangulia tokeo, kimegusana nalo, na huambatana nalo siku zote. Ndani ya silinda yote matatu yapo. Lakini Hume alishikilia kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha ulazima. Mazoea ya akili ndiyo yanayotarajia moto. Abu Hamid al-Ghazali, aliyeishi kati ya 1058 na 1111, alikuwa ameshafika hapo karne sita na ushei kabla yake, tena kwa mfano ulio karibu sana na plagi: pamba na moto. Katika Tahafut al-Falasifa anasema kwamba macho hushuhudia pamba ikiungua wakati inapogusana na moto. Hayashuhudii ikiungua kwa nguvu ya moto. Moto hauna uhai wala hiari, na kisicho na hiari hakina tendo. Mtendaji ni Mungu, moja kwa moja au kwa kupitia malaika wake.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa kitabu kizima. Hoja yake kuu ni kwamba kukijua kitu ni kujua sababu zake, na kila kitu kinatambulikana kwa kazi yake. Anayezifuta sababu ameifuta elimu yenyewe, na pamoja nayo njia ya kumtambua Muumba kwa hekima ya viumbe vyake. Kwa upande wa Wakristo, Thomas Aquinas wa karne ya 13 alichukua msimamo wa kati: Mungu hutenda katika kila kitu, lakini hutenda kwa kuvipa vitu nguvu halisi, na kuvinyima vitu nguvu hizo ni kumpunguzia ukuu aliyewapa viumbe uwezo wa kutenda.

Majibu hayo yote yanaishi jirani kusini mwa Tanzania. Uislamu uliopanda kutoka pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na akida ya madrasa za pwani kwa kawaida ni ile ya Ash'ari ambayo Ghazali aliitetea. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakajenga Ndanda mwaka 1906, wakija na urithi wa akina Aquinas. Waumini wa pande zote hupanda Noah moja, na likizimika njiani wote humwangalia dereva.

Ghazali husomwa vibaya mara nyingi, kana kwamba aliwaruhusu watu kukaa tu. Hakusema hivyo. Alisema kwamba mfuatano wa pamba na kuungua ni ada ya Mungu, utaratibu alioupitisha na kuudumisha, na kwamba Mungu huyohuyo ameweka katika nyoyo za watu yakini kuwa ada hiyo haitavunjwa ovyo. Anayetoka nyumbani hahofii kwamba atakuta vitabu vyake vimegeuka wanyama. Fundi anaweza kushika msimamo wa Ghazali au wa Ibn Rushd na kazi yake isibadilike hata kidogo: upenyo wa plagi unaotakiwa ni uleule. Kinachobadilika ni nani ashukuriwe injini inapowaka. Aya ya 80 ya Surat Yasin, sura ambayo wazee wengi wanaijua kwa moyo, inahusu moto ambao watu huupata kutoka kwenye mti mbichi. Aya ya 71 na ya 72 za Surat al-Waqi'a zinauliza nani aliyeuumba mti huo. Zinakiri kwamba mtu huwasha, kisha zinamvusha kwenye swali kubwa zaidi. Kusoma ndani ya aya hizo katazo la kuchunguza plagi ni kuzionea.

Swali dogo, lile la fundi, nalo lina ugumu wake. Fuso na Scania zinazobeba korosho kwenda bandari ya Mtwara hazina plagi za cheche hata moja. Katika injini ya dizeli hewa hubanwa mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mafuta hunyunyiziwa ndani na kuwaka yenyewe. Basi cheche si ya lazima kwa kila moto. Wala haitoshi peke yake: cheche kali ikiruka kwenye silinda isiyo na mafuta, au iliyopoteza mbano kwa sababu ya pete zilizolika, hakuna kinachowaka. Mwanafalsafa J. L. Mackie alilieleza hili mwaka 1965 kwa mfano wa nyumba iliyoungua kwa hitilafu ya umeme: kinachoitwa chanzo ni sehemu moja ya kundi la masharti, sehemu ambayo kundi hilo lisingekamilika bila yake, ingawa kundi jingine lingeweza kuleta tokeo lilelile. Katika kundi hilo, watu huchagua sharti moja na kulipa jina la chanzo, na huchagua kulingana na shida yao. Fundi huchagua sharti analoweza kulibadilisha kwa spana.

Namna fundi mzuri anavyolitafuta sharti hilo inastahili kuangaliwa kwa makini. Gari linamisi, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na mashine ya kupimia inaandika P0302: silinda ya pili haiwaki vizuri. Namba hiyo inataja mahali tu; sababu haiijui. Fundi mwenye haraka huagiza koili mpya kutoka Masasi au Dar es Salaam, na mara nyingi tajiri, yaani mwenye gari, hulipia kitu kisichohusika. Fundi mwenye subira huhamisha koili ya silinda ya pili kuipeleka ya tatu, na ya tatu kuirudisha ya pili, bila kugusa kitu kingine. Kosa likihamia silinda ya tatu, koili ndiyo yenye lawama. Likibaki pale pale, huhamisha plagi, kisha huikagua nozeli, mwishowe hupima mbano. John Stuart Mill aliiandika kanuni hii mwaka 1843: hali mbili zikifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na tokeo likatofautiana, kile kimoja kina mkono wake hapo. Hume anaweza kuwa sahihi kwamba ulazima hauonekani kwa kutazama. Fundi yeye hatazami tu, anahamisha. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mjadala wa vitabuni hupenda kuiruka.

Jaribio likikosewa huzaa yakini ya uongo. Desturi ya kuchomoa plagi, kuigusisha kwenye chuma cha injini na kutazama kama inatoa cheche, inapendwa sana kwa kuwa haigharimu kitu. Lakini hewa iliyobanwa huhitaji volti nyingi zaidi kuliko hewa huru kwa upenyo uleule. Friedrich Paschen aliipima kanuni hiyo mwaka 1889. Koili iliyochoka huweza kutoa cheche nzuri nje, kisha ikashindwa ndani ya silinda. Aliyeiona cheche hiyo ataapa kwamba umeme uko sawa, na ataanza kutafuta kosa kwingine, pengine hata nje ya gari.

Mwaka 1937 E. E. Evans-Pritchard alichapisha utafiti wake juu ya Wazande, ambao baadhi yao wanaishi kaskazini mashariki mwa Kongo. Alieleza habari ya ghala lililoanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ileile walipokuwa chini yake wale watu na si wengine, na jibu lao lilikuwa uchawi. Swali hilo si la kijinga, na halikomei kwa Wazande. Kusini nako, tajiri ambaye gari lake huzimika siku ya mnada wa korosho, wakati la jirani linapita, ataambiwa na watu si wachache kwamba kuna mkono wa mtu.

Katika mambo ya cheche, hata hivyo, sehemu kubwa ya swali la saa ina jibu lisilohitaji mkono wa mtu. Gari likiwa tupu kwenye tambarare, pedali hukanyagwa kidogo, hewa inayoingia silindani ni chache, na volti za kurusha cheche huwa za wastani. Likijaa abiria na magunia, likaanza kupanda kutoka bonde la Ruvuma kuelekea Newala, silinda hujaa, mbano hupanda, na volti zinazotakiwa huongezeka pamoja nao. Koili yenye ufa huvumilia wiki nzima ya safari nyepesi, kisha huanguka siku ya mzigo. Alfajiri za baridi, unyevu hutua kwenye waya wa plagi wenye nyufa na kuupa umeme njia ya mkato, huku stata ikiinyonya betri na kuiachia koili volti pungufu; saa tano asubuhi gari hilohilo huwaka kwa mguso mmoja. Kwa mwenye gari, siku ya mnada ni siku ya riziki. Kwa koili ni siku ya mbano mkubwa. Siku hizo mbili hukutana kila mara, na anayeona husuda katika kukutana huko amehesabu upande mmoja tu.

Hubaki kitu kidogo: kwa nini koili hii ilitoka kiwandani na kasoro na ile haikutoka, na kwa nini ikamfikia huyu. Hapo waumini husema kadari, wasioamini husema bahati, na haielekei kwamba multimita itawaamulia. Kasoro ya wengi ni kuikimbilia kadari mapema, kabla hawajafika kwenye kitu hicho kidogo. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kuhusu yule mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kufungwa inajulikana kwa kila mwanafunzi wa madrasa: afungwe kwanza, kutegemea kufuate. Kwa injini ya cheche, kufunga huko kuna maana mahususi.

Plagi za kawaida za nikeli hubadilishwa kila baada ya kilomita 20,000 hadi 30,000 hivi. Za iridi huweza kufika 100,000, ikiwa ni halisi. Ncha inavyolika upenyo hupanuka, koili hulazimika kutoa volti zaidi, nayo hufa kabla ya siku zake, kwa hiyo anayebana pesa ya plagi huishia kununua koili. Plagi iliyotolewa hueleza hali ya injini: rangi ya kahawia hafifu ni afya, masizi makavu meusi ni mafuta mengi au cheche dhaifu, ulowevu wa oili ni pete au sili za valvu, weupe wa kuungua ni joto lililopita kiasi. Mpya hufungwa injini ikiwa imepoa, kwa mkono kwanza mpaka ikae, ndipo spana ifuate kwa kipimo cha mtengenezaji. Mpira wa koili ukiwa na ufa, au shimo la plagi likiwa na oili iliyovuja kutoka kifuniko cha valvu, hakuna plagi mpya itakayosaidia. Betri iliyotulia ipime volti 12.6 hivi, na kati ya 13.8 na 14.5 injini ikiunguruma. Vichwa vyake na waya wa athi visafishwe chumvi na kutu. Petroli ya chupa, isiyojulikana imechanganywa na nini, huacha ukoko kwenye ncha. Na mashine ya salfa huvuta vumbi lake yenyewe: chujio la hewa lisiposafishwa kila siku ya kazi, mchanganyiko huwa mzito wa mafuta na plagi hulowa.

Kutofanya mambo haya ni kutokuwapo kwa kitu, na wanafalsafa wameumiza vichwa juu ya namna kitu kisichokuwapo kinavyoweza kuwa chanzo. Plagi isiyobadilishwa haikuguswa na watu milioni moja, na hakuna anayewalaumu wote. Lawama humwendea aliyekuwa na wajibu. Barabarani wajibu huo umegawanyika vibaya: dereva hupeleka hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, kwa tajiri kila jioni, tajiri hudhani dereva ndiye anayelijua gari, dereva hudhani matengenezo ni ya mwenye mali. Fikihi ya ijara, yaani ukodishaji, ambayo mpango wa hesabu unakaribiana nayo, imeshaligawa jambo hili. Matengenezo yanayokiwezesha chombo kutoa manufaa yake ni juu ya mwenye chombo, kwa hiyo plagi na koili zilizochakaa kwa kazi halali ni za tajiri. Aliyekabidhiwa hushika amana, na halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Dereva aliyesikia gari linamisi, akaendelea kulibana siku kadhaa bila kusema mpaka petroli isiyowaka ikayachoma masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi, amezembea; masega hayo ni juu yake, na koili iliyoanzisha kumisi huko inabaki kuwa ya tajiri.